Siku Moja ya Ndimu: Tulivyojaribu Kumwelewa Mwenzetu Aliyetawaliwa na Pombe



Tunataka kuwaeleza zoezi tulilofanya sisi wajumbe wa tawi katika shamba moja la chai huku magharibi mwa Uganda. Hatuandiki kuwahubiria watu waache kunywa. Wengi wetu tunakunywa tonto na malwa, na hapa kambini wako akina mama wanaosomesha watoto kwa kupika waragi. Tunaandika kwa sababu tulikosa, na hatupendi matawi mengine yakose kama sisi.

Miaka miwili iliyopita mchuma chai mmoja, mwanachama wa siku nyingi, aliitwa mbele ya meneja kwa kufika kazini saa kumi na mbili asubuhi akinuka waragi. Ilikuwa mara ya tatu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kuwa na mtu wake wakati wa kusikilizwa kabla ya kufukuzwa. Basi tulikwenda. Tulikaa kwenye benchi, na hatukufungua mdomo. Moyoni tulisema: huyu amependa chupa kuliko kazi, tumteteeje? Akafukuzwa, na nyumba ya kambi akanyang'anywa, yeye na mkewe na watoto wanne.

Mwaka jana, katika semina ya usalama kazini, dada mmoja muuguzi alituambia kwamba huko Marekani wanafunzi wa uuguzi na wa ushauri hupewa zoezi la kuigiza uraibu, yaani ile hali ya mtu kutawaliwa na kitu hata akitaka kukiacha hawezi. Barafu inawekwa mahali pa kileo, na kiu mahali pa hamu. Mwanafunzi akiona kiu lazima anywe chenye barafu, na watu wengine wasijue. Tulicheka. Barafu tutaitoa wapi sisi? Dada akasema chukueni ndimu.

Tukakubaliana watu tisa. Kuanzia Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mpaka Jumapili saa hiyo hiyo, mtu asinywe kitu chochote, maji, chai wala uji, bila kukamulia ndimu. Asiyekuwa katika zoezi asione. Ndimu anunue kwa pesa yake na aifiche, asichukue ya jikoni. Na kila anapoifikiria ndimu aandike alama katika daftari. Tuliona ni mchezo wa watoto.

Kufika saa nne, wakati wa mapumziko, mchezo ulikuwa umekwisha. Uji wa shamba unagawiwa mbele ya watu wote, na nyapara amesimama pale pale. Mmoja wetu alikwenda na kikombe chake nyuma ya choo kukamua ndimu. Mwingine alisema tumbo linauma, akashinda na kiu mpaka mizani ya jioni, na kikapu chake siku hiyo kilikuwa chepesi. Karani wetu, mtu wa hesabu, alinunua ndimu tatu akidhani zinatosha. Saa tisa zilikuwa zimekwisha. Akamtuma mtoto dukani kwa pesa za daftari la shule, na akamwonya asimwambie mama yake. Alipotusomea hayo jioni ya Jumapili, sauti yake ilipotea.

Dada mmoja alikwenda kuhani msiba kwa jirani. Akaletewa chai. Ndimu anayo ndani ya kitenge, lakini nyumba imejaa watu, na kukataa chai ya msibani si adabu. Akasema amefunga. Nasi wote tunajua hana desturi ya kufunga! Wenye msiba walimtazama, na mpaka leo anaona haya kupita pale.

Mwenyekiti ndiye aliyetushangaza zaidi. Alikunywa maji matupu mara mbili, na katika daftari hakuandika. Alikiri baadaye. Alikuwa akituficha sisi wenzake wa zoezi, watu ambao tungemcheka kidogo tu na kumsamehe. Na ukurasa wa alama wa kila mmoja ulikuwa umejaa kabla ya saa sita mchana. Hata ladha ya ndimu hatukuikumbuka. Tulikumbuka kuhesabu zilizobaki, kutafuta pa kujificha, na kutunga uongo.

Katika watu tisa alikuwamo mzee mmoja aliyeacha waragi zamani. Alitusikiliza sote, kisha akasema, "Wanangu, nyinyi mmechungulia mlangoni tu. Nyinyi mlijua Jumapili itafika." Akatueleza kwamba zamani alikuwa akiamka saa kumi usiku mikono inatetemeka, jasho linamtoka, hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Akipata kikombe kimoja mikono inatulia, anaweza kuchuma. Harufu ile ya asubuhi, ambayo sisi tuliiita dharau kwa kazi, yeye ilikuwa ndiyo njia yake ya kuja kazini.

Tukamkumbuka yule wa miaka miwili iliyopita. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Dada muuguzi alithibitisha maneno ya mzee. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikatiza ghafula, kutetemeka kunaanza saa chache tu baadaye. Wengine huanguka kifafa katika siku mbili za kwanza, na siku ya pili au ya tatu wengine huweweseka wakiona visivyokuwapo. Anaweza kufa. Kwa hiyo tusimfungie mtu ndani ya nyumba "pombe imtoke", kama tulivyozoea. Apelekwe kwa mganga wa hospitali, kuna dawa za kumvusha siku hizo. Hospitali ya Butabika kule Kampala ina sehemu ya kuwatibu watu wa namna hii, lakini ni mbali na nauli si ndogo.

Chama tunacho cha kushika mkononi. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa kanuni juu ya pombe na dawa za kulevya kazini, zilizotungwa na wataalamu wa serikali, waajiri na wafanyakazi waliokutana Geneva mwaka 1995. Zinasema matatizo haya yahesabiwe kuwa matatizo ya afya, kama ugonjwa mwingine. Mwajiri ana haki ya kuadhibu kosa la kazini, lakini ushauri na matibabu vitangulizwe. Kanuni hizi si sheria, meneja anaweza kuzikataa. Lakini mjumbe aliyezisoma hawezi tena kukaa kimya kwenye benchi.

Wako wanachama wanaouliza: je, mlevi akae kwenye mashine ya kusaga majani atukate vidole? Hapana. Tunadai aondolewe kwenye mashine siku hiyo hiyo, apewe likizo ya ugonjwa atibiwe, na kazi yake imngoje. Serikali ilipopiga marufuku waragi ya vipakiti mwaka 2019 wengi tulidhani mambo yamekwisha. Siku ya mshahara nendeni getini mkaone.

Sasa kuna kijana wa kiwandani, zamu ya usiku, ambaye shauri lake litasikilizwa Jumatatu. Safari hii barua ya tawi imetangulia, na yule mzee amekubali kuja kusema mwenyewe. Meneja hajajibu. Yule wa kwanza tumesikia anabeba mizigo sokoni upande wa Kasese. Tumempelekea salamu kwa dereva wa lori, tukamwomba atuambie kama bado anataka kurudi.