Mwanga Unaotoka Chini: Kutia Kivuli Ndege ya Majini

Mchoro wa ubavu wa ndege hauonyeshi kina. Mabawa yanaonekana kwa ukingo tu, na mengine yote yamelala bapa. Kazi ya kumfanya mtazamaji aamini kwamba chombo kina mwili inabaki kwa kivuli peke yake, na hapo ndipo wengi wanaochora kwa kompyuta wanapokosea: wanapitisha brashi laini, mwanga juu, giza chini, na kila ndege inageuka bomba.

Chukua Short 827, ndege ya Kiingereza ya kutua majini. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta nne kwenye Ziwa Tanganyika, wakazirusha kutoka ziwa dogo la Tongwe, karibu na Mtoa, kaskazini mwa Kalemie ya leo. Mwezi Juni walidondosha mabomu Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba. Mwili wa ndege hiyo ulikuwa fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa: ubavu bapa, mgongo wa mviringo. Basi upe ubavu rangi moja iliyotulia, na mabadiliko ya mwanga yaanzie pale tu ubavu unapokutana na mgongo. Kabla ya kushika brashi, jiulize ndege ikikatwa kipande, kipande hicho kitakuwa na umbo gani.

Kivuli chenyewe kiwe kwenye tabaka lake, juu ya rangi ya msingi, katika hali ya kuzidisha. Krita na GIMP, ambazo ni za bure, zote zinayo. Usitumie nyeusi. Kitambaa cha rangi ya malai kikitiwa nyeusi kinaonekana kichafu. Kijivu chenye ubuluu kidogo, kwa asilimia 20 hivi, kinatosha. Kivuli cha mviringo wa mgongo kilainishwe, lakini kile ambacho bawa la juu linakitupa ubavuni kikatwe kwa ukingo mkali. Ukivichanganya hivi viwili, jua linapotea kwenye mchoro.

Jambo ninalolipenda kuliko yote halimo katika miongozo mingi: ndege ya majini inapata mwanga kutoka chini pia. Simama Kalundu, hapa Uvira, asubuhi, jua likiwa limepanda upande wa Burundi, utazame boti nyeupe iliyofungwa. Ubavu unaokuelekea uko kivulini, lakini karibu na maji unang'aa tena, na mwanga unachezacheza juu ya rangi. Sehemu yenye giza zaidi iko juu kidogo ya hapo. Kwa hiyo kwenye maboya ya Short, usiishie na giza chini. Weka giza zito katikati, kisha utepe mwembamba wa buluu hafifu kwenye tumbo la boya.

Vitu vidogo vipimwe. Ndege hii ilikuwa na urefu wa karibu mita 10.7, hivyo ukiichora kwa pikseli 3,000, pikseli moja ni milimita 3.6 hivi. Waya unaoshikilia mabawa, wa milimita 4, ni pikseli moja, tena ya kijivu. Ukiuchora mweusi kwa pikseli tatu, umeugeuza bomba la maji, na jicho litaukimbilia huo kabla ya kuiona ndege.