Jiko la chumba kimoja: piga hesabu kabla ya kuweka PIN

Kama unaishi kwenye ploti pale Rongo, Awendo, Oyugis ama Mbita, chumba chako unakijua: futi kumi kwa kumi, kitanda upande mmoja, pazia katikati, vyombo chini ya meza, na mlango mmoja unaofunguka kwa uwanja wa wapangaji wote. Sasa unataka kununua jiko. Wateja wengi wanaotuuliza huanza na bei. Sisi tunakuomba uanze na swali jingine: mvua ikinyesha saa moja jioni, hilo jiko litakuwa wapi?

Jiko linalotajwa sana siku hizi ni la mbili kwa moja, yaani linalokula kuni na makaa. Kwa watu wa Migori na Homa Bay lina maana yake. Baada ya mavuno ya mahindi, magunzi ni ya bure. Ukienda nyumbani kijijini unaweza kurudi na kuni. Makaa yanauzwa kwa mkebe hapo nje ya ploti. Mwezi ukiwa mgumu unabadilisha moto badala ya kukopa. Hiyo ni faida ya kweli na hatuidharau.

Lakini liangalie kwa ndani kabla ya kulipa. Makaa yanataka hewa kutoka chini, kwa hivyo lazima yakae juu ya wavu wa chuma. Kuni zinataka mlango wa kando wa kuingizia vijiti, na nafasi ya moto kupanda mpaka chini ya sufuria. Jiko la mbili kwa moja lililotengenezwa vizuri lina vyote viwili: wavu unaotoka na kurudi, na mlango wa kando wenye kifuniko cha kupunguza hewa. Kuna mengine ni jiko la makaa la kawaida lililotobolewa tundu kubwa ubavuni, basi. Hilo ukilitia kuni litafuka moshi na kupaka sufuria masizi. Ukilitia makaa litayamaliza haraka kwa sababu hewa inaingia bila breki. Mwambie muuzaji atoe wavu na kuurudisha mbele yako. Akianza kuutafutia nyundo, umeshapata jibu.

Angalia na kauri. Jiko la kauri tunalolijua Kenya, lile lenye kiuno chembamba, lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand na kulibadilisha, kisha mafundi wa jua kali wakalifanya lao. Kazi ya kauri ni kuzuia joto lisitoroke kwa bati, ndiyo maana makaa yanadumu kuliko kwenye jiko la bati tupu. Gonga kauri kwa ukucha, tazama kama ina ufa, na uulize kama unaweza kuinunua peke yake ikivunjika. Huku kwetu magharibi lilienea pia jiko la Upesi, kauri ya kuni iliyofinyangwa na vikundi vya akina mama, lakini hilo kwa kawaida hujengewa kwa udongo jikoni. Mpangaji hahami nalo.

Kisha lipime kwa ugali. Chai haipimi jiko. Ugali wa watu wanne unasukumwa kwa nguvu, na jiko refu lenye kitako kidogo litayumba, maji ya moto yamwagike, na kama mtoto yuko karibu hapo ndipo balaa linapoanzia. Beba sufuria yako ya ugali hadi dukani. Usione aya. Iweke juu, ishike, sukuma kama unayesonga. Afadhali mwenye duka akucheke leo.

Sasa turudi kwa ile mvua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, nyingi ikitokana na moto wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Moshi wa kuni angalau unauona, macho yanakuwasha, unatoka nje. Makaa ndiyo yanayodanganya. Yakishaiva hayana moshi, chumba kinapata joto zuri, na mtu anafikiri amepona. Kumbe yanaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja. Aliyelala anaweza asiamke. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi, na kuweka sufuria ya maji juu ya jiko hakusaidii kitu. Makaa yakibaki, yaache huko nje, yafunike kwa karai ama sufuria kuukuu yazimike. Kesho utayawasha tena na utakuwa umeokoa pesa.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu: jiko la mbili kwa moja ni jiko la nje. Kama ploti yako ina veranda yenye paa, na keteka hana neno na moshi, nunua. Kama mlango wako unafunguka moja kwa moja kwa mvua, basi kuanzia Machi hadi Mei utajaribiwa kila jioni kuliingiza ndani, na siku moja utaliingiza. Wewe unahitaji moto mwingine wa ndani, hata kama ni mdogo, na jiko la kuni na makaa libaki la wikendi, la nyoyo, na la kukaanga omena. (Omena, hata ukiwa na gesi, kaangia nje. Godoro halisahau.) Kwa walio Mbita na Homa Bay mjini, kumbukeni upepo wa ziwani mchana: jiko lililo wazi hupoteza moto mwingi, kwa hivyo lisogeze nyuma ya ukuta.

Moto wa ndani kwa wengi ni gesi, ile meko ya kilo 6. Ni ndogo, inaingia kwenye kona, na inawaka mara moja. Pia ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatulia sakafuni, palepale godoro la watoto linapotandikwa. Pika mlango ukiwa wazi, funga valvu kabla ya kulala, na ukisikia harufu usiguse swichi wala kiberiti. Fungua mlango, toa watu, toa mtungi. Dukani omba mtungi upimwe. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma chenyewe. Ondoa huo kwa uzito wa jumla, na kinachobaki kiwe kilo 6. Na uliza swali la jina la kampuni. Kanuni za gesi za mwaka 2019 ziliondoa ule utaratibu wa kulazimisha kila kampuni kupokea mitungi ya wenzake, kwa hivyo mtungi ulionunua kwa bei nzuri mjini Migori unaweza kukusumbua ukihamia mahali wakala wa kampuni hiyo hayupo. Kama unaishi Mfangano, ambako mtungi unavuka kwa boti, hilo ndilo swali la kwanza.

Stovu ya mafuta taa tutaipitia haraka. Ilikuwa rahisi, lakini Septemba 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia watu kuchanganya mafuta taa na dizeli, na tangu hapo ile nafuu ilipungua sana. Bado ina harufu, bado inatoa moshi chumbani, na mafuta yaliyochanganywa na petroli yanaweza kulipuka. Kama unayo, itunze kwa dharura. Koili ya umeme nayo, wenye ploti wengi hawaitaki kwa sababu ya mita ya pamoja. Ila kama una mita yako ya tokeni, sufuria ya umeme ya kupikia kwa mvuke huivisha maharagwe kwa chini ya yuniti moja, na hiyo inashinda saa mbili za makaa.

Tumefika kwa pesa. Makaa ya mkebe hayaumi, ndiyo maana ni ghali. Tuseme mkebe ni shilingi 50 na unatumia miwili kwa siku. Hiyo ni 100 kwa siku, 3,000 kwa mwezi, na hakuna siku hata moja uliyohisi kwamba umetoa 3,000. Jiko linalopunguza makaa kwa theluthi moja linakuachia 1,000 kila mwezi. Likiwa la 4,000 limejilipa kwa miezi minne. Lakini namba hizi ni za mfano. Zako ziko kwenye simu yako. Mwombe mama wa makaa akupe nambari yake ya till, mlipe hapo kwa mwezi mmoja badala ya kutoa sarafu mfukoni, halafu uitishe taarifa ya miamala na ujumlishe. Wateja waliofanya hivyo hushangaa. Usilipe kwa njia ya kutuma pesa kama ana till: kutuma kunaweza kuwa na ada.

Lipa polepole ni msaada mzuri, bora uhesabu mpaka mwisho. Tuseme jiko la 4,000 kwa pesa taslimu linauzwa kwa amana ya 500 na 40 kila siku kwa siku 120. Mara 120 ni 4,800, ongeza amana, ni 5,300. Umelipia muda kwa shilingi 1,300. Inaweza kuwa sawa, kama jiko linaanza kukuokolea makaa leo. Ila uliza mambo mawili na upewe kwa maandishi: ukikosa siku kumi kwa sababu samaki hawakuingia, kinatokea nini? Na kauri ikipasuka mwezi wa pili, nani anaitengeneza wakati wewe bado unalipa? Kama chama chenu kina mzunguko, kuchukua zamu yako na kulipa taslimu huwa ni rahisi zaidi.

Siku ya kulipa, soma jina linaloonekana kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Duka likiitwa hivi na jina likaja vile, simama, uliza. Muuzaji wa mtandaoni anayetaka amana ya jiko ambalo hujaligusa, kwa nambari ya mtu binafsi, mwambie utalipa ukilipokea. Kama ni la kweli litakungoja. PIN haitakiwi na muuzaji, wala wakala, wala sisi. Ujumbe wa malipo usiufute: una tarehe, kiasi na jina, na ukirudi dukani na kauri iliyopasuka bila risiti ya karatasi, huo ndio ushahidi wako.

Jiko likifika, usilipikie siku hiyo hiyo kwa moto mkali. Kauri mpya huwa na unyevu. Washa moto mdogo wa vijiti, huko nje, uache uzimike wenyewe, na urudie kesho yake. Ugali wa kwanza utasonga siku ya tatu.