Maji Laini Si Lazima Yawe Salama

Likizo iliyopita tulitembelea jumuiya ndogondogo moja nje ya jiji la Mwanza, mahali ambapo bomba la maji ya ziwa halijafika. Familia iliyotupokea ilikuwa na kisima kirefu na mashine ya kulainisha maji. Fundi aliyeifunga aliwaambia kwamba sasa hawana haja ya kuchemsha. Basi walikuwa wakiyanywa hivyohivyo, na mtoto wao wa miaka miwili pia. Ndiyo maana tunaandika.

Maji huitwa magumu yanapokuwa na kalsiamu na magnesiamu nyingi. Mvua ikipenya ardhini huyeyusha madini hayo, hasa penye mawe ya chokaa. Sisi tulio karibu na ziwa hatuijui sana shida hii: sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, kwa hiyo ni laini. Lakini muulize mtu wa Dodoma anayetumia maji ya kisima. Sabuni inaisha povu halijaonekana, beseni linabaki na utando wa kijivu, birika linashika ukoko mweupe. Ukoko huo si sumu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Hasara yake ni sabuni, hita na mabomba yanayoziba.

Mashine yenyewe ni tangi lililojaa punje ndogo za rezini. Wakemia wawili wa Uingereza, Adams na Holmes, ndio waliotengeneza rezini za namna hii mwaka 1935. Fikiria daladala ambayo kila kiti kimekaliwa na sodiamu. Maji magumu yakipita, kalsiamu inapanda, na kwa kuwa ina chaji mbili, inakalia viti viwili. Sodiamu mbili zinashuka na kuondoka na maji. Viti vyote vikishachukuliwa na kalsiamu, mashine haifanyi kazi tena. Hapo husukumiwa maji ya chumvi nyingi. Sodiamu zinakuja kwa wingi kiasi cha kuing'oa kalsiamu, nayo inatoka na maji machafu. Ndiyo sababu mwenye mashine hununua chumvi kila mara. Maji hayo machafu yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha, yatauharibu udongo.

Katika somo la Mantiki tunaonywa juu ya neno moja kubebeshwa maana mbili. "Laini" hapa maana yake ni kupungua kwa kalsiamu na magnesiamu, basi. Bakteria wa kipindupindu au wa homa ya matumbo hawakai kwenye viti vile. Wanapita na maji. Floraidi nayo, inayosumbua visima vya Arusha na baadhi ya vya Shinyanga, inapita, kwa kuwa ina chaji hasi na rezini hii hukamata chaji chanya tu. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa, na kisima kipimwe maabara. Kuchemsha nako hakuondoi floraidi.

Aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi azingatie pia ile sodiamu inayoongezeka. Njia rahisi ni kuacha bomba la jikoni lisipitie kwenye mashine.

Je, unaihitaji kweli? Tia maji ya kisima kwenye chupa moja na ya mvua kwenye nyingine, weka kipande kilekile cha sabuni, tikisa. Kama povu halitofautiani sana, tunza fedha zako. Kama linatofautiana, kwa kufulia tu maji ya mvua yanatosha wakati wa masika, na wengine hutia magadi kidogo, ambayo huishusha kalsiamu chini ya ndoo.

Mama wa nyumba ile alibandika sufuria ya maji jikoni jioni ileile. Mashine bado ipo, anaitumia kufulia.