Lugha ya Pili, Akiba ya Ubongo Uzeeni

Dimensia, maradhi yanayompokonya mzee kumbukumbu na uwezo wa kujitunza, hadi sasa haina dawa ya kuiponya. Kwa hiyo, kila mwaka ambao dalili zake huchelewa ni faida kubwa kwa mgonjwa na kwa jamaa wanaomuuguza.

Mwaka 2013, Dkt. Suvarna Alladi na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Hyderabad, India, kwa wagonjwa 648 wa dimensia. Wale waliozungumza lugha mbili au zaidi walikuwa wamepatwa na dalili takriban miaka 4.5 baadaye kuliko waliozungumza lugha moja. Tofauti hiyo ilionekana hata kwa wasiojua kusoma, hivyo haiwezi kuhesabiwa kuwa tunda la elimu ya darasani pekee.

Wataalamu wengi hueleza hivi: mwenye lugha mbili, kila anenapo, ubongo wake huchagua moja na kuizuia nyingine. Zoezi hilo la kila siku hujenga akiba. Ugonjwa hushambulia seli kama kawaida, lakini ubongo huwa na njia nyingine za kutenda kazi.

Hata hivyo, lugha si chanjo. Zipo tafiti ambazo hazikuona tofauti hiyo, na mwenye shinikizo la damu au kisukari hana budi kuendelea na dawa zake. Lakini mstaafu anayejifunza Kiarabu au Kifaransa pamoja na wenzake hupata pia watu wa kuzungumza nao. Na upweke huongeza hatari ya dimensia. Mzee aliyeanza kupotea njia aliyoizoea apelekwe hospitali mapema.