Harambee Hununua Kiti cha Magurudumu. Haki Yanunuliwa na Nani?

Kampuni ya Macalder-Nyanza ilipofunga mgodi wake wa dhahabu na shaba mwaka 1966, iliondoka na mitambo yake lakini haikuimaliza dhahabu. Tangu hapo wakaaji wa Nyatike wamekuwa wakiitafuta wenyewe kwa sururu, tindo na kamba, katika mashimo ambayo mengi yao hushikiliwa na magogo tu. Mvua ikizidi, udongo hulainika na shimo huanguka. Magazeti huandika habari za waliokufa. Lakini yule aliyetolewa akiwa hai, ambaye hawezi tena kusimama kwa miguu yake, ni nadra kuandikwa, na huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo.

Aliyevunjika uti wa mgongo hupelekwa Migori, pengine Kisumu, na akibahatika hufikishwa katika hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo huko Nairobi. Kila hatua ina bei yake. Ng'ombe huuzwa, kisha mbuzi, kisha kipande cha shamba hutazamwa kwa jicho la mashaka. Hapo ndipo jamaa hukaa kikao na kuitisha harambee.

Asiyewajua Wajaluo atadhani harambee yao ni watu kupanga foleni mbele ya meza yenye kitambaa cheupe. Wapi! Harambee ya huko ikikolea huwa ni ngoma. Mpiga nyatiti au kundi la ohangla huanza, watu hucheza, na katikati ya wimbo mtu mmoja hunyanyuka, hutoa noti, muziki husimama, naye hupewa nafasi ya kujisifu. Hiyo ndiyo pakruok. Atajisifu yeye, atasifu ukoo wake, shemeji zake, rafiki yake aliye mbali, hata ng'ombe wa marehemu babu yake. Akimaliza, nyuzi hulia tena, mpaka mwingine aone kwamba amepitwa kwa sifa na kwa noti. Kwa mashindano hayo kapu hujaa. Hakuna mtoza kodi hata mmoja katika nchi hii aliyewahi kutoza watu huku wakicheza.

Ila kuna jambo moja ambalo kila aliyehudhuria hafla za namna hiyo ameliona. Anayesifiwa ni yule anayetoa. Aliyesababisha watu wakusanyike ameketishwa pembeni, chini ya turubai, akisubiri kushukuru.

Kiti cha magurudumu basi hununuliwa. Mara nyingi ni kiti cha hospitali, chenye magurudumu madogo mbele, kilichoundwa kwa ajili ya sakafu. Kwenye mawe na matope ya Macalder hakidumu. Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kimejua hayo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu karakana zake hutengeneza viti na baiskeli za magurudumu matatu zinazostahimili njia za mashambani. Mnunuzi wa haraka hayafikirii hayo. Kiti kikivunjika huitishwa harambee ya pili, nayo huwa ndogo kuliko ya kwanza.

Ikiwa mtu huyo aliumia kazini, je, hakuna sheria ya kumlipa? Sheria ipo. Inaitwa Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka 2007. Inamtaka mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake, kulipia matibabu, na kumpeleka Mkurugenzi wa Usalama Kazini taarifa ya ajali. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa fidia ya mapato ya miezi 96, yaani miaka minane. Wanasheria waliipinga mahakamani kwa muda mrefu, hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi Desemba 2019 kwamba sheria hiyo ni halali. Hesabu miaka minane ya mapato ya mchimbaji, kisha ulinganishe na kapu la usiku mmoja wa pakruok.

Kikwazo ni neno "mwajiri". Katika mashimo ya Nyatike kuna mwenye ardhi, kuna mwenye shimo, kuna mfadhili anayenunua chakula na dizeli ya pampu, na kuna wachimbaji wanaogawana mifuko ya mawe jioni. Hakuna hati ya mshahara. Hakuna barua ya ajira. Siku ya neema kila mmoja ni bwana wa shimo, na siku ya msiba shimo halina mwenyewe. Sheria inamlinda aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira. Anayelipwa kwa mfuko wa mawe itambidi kwanza athibitishe kwamba alikuwa mfanyakazi wa mtu. Bila wakili, au angalau mtu aliyefundishwa sheria kidogo, atathibitisha kwa njia gani?

Hapa ndipo panapohitajika mashirika yasiyo ya faida, yale ambayo hayagawi viti bali hugawa mawakili. Nchi hii imekuwa nayo kwa muda sasa. Kituo cha Sheria kilianza mwaka 1973 kuwatetea maskini wa Nairobi, na FIDA ikafuata mwaka 1985 kwa ajili ya akina mama. Mwaka 1989 vyama vya walemavu viliungana chini ya mwavuli mmoja, UDPK, vikaanza kusema kwa sauti ambayo haikuwa ya kuomba. Tofauti ni kubwa ukikumbuka kwamba mwaka 1980, uliotangazwa kuwa mwaka wa taifa wa walemavu, jambo kuu lililofanywa lilikuwa harambee kubwa ya Rais Moi, ambayo ilizaa hazina ya taifa ya walemavu. Hazina hiyo ilisaidia wengi, sitaki kuibeza. Lakini hazina humpa mtu akiona vema, na huweza kumnyima bila kueleza sababu.

Haki inayodaiwa kwa sheria ina njia yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2003, ikaanza kutumika Juni 2004. Iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha ili kila mtu aweze kuingia, ila kifungu hicho chenyewe kiliachwa nje siku sheria ilipoanza, kikangoja miaka mingine. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, ikasema wazi kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa utu wake, kufika mahali popote pa umma, na kupata vifaa vya kumsaidia. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya kuchukua mahali pa ile ya 2003.

Na kesi hushindwa na kushinda. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mfanyakazi mmoja wa kampuni ya wakala wa bima aliyedai kwamba aliachishwa kazi kwa sababu ya ulemavu. Majaji walisema kwamba mfanyakazi akishaonyesha dalili za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Maneno hayo hayakumfaa mtu mmoja peke yake; yanamfaa hata karani wa duka huko Migori au mwalimu wa Homa Bay.

Nimeitaja Homa Bay kwa makusudi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, walemavu walikuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Homa Bay, jirani wa Migori, ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoongoza kwa asilimia 4.3. Kwa hiyo mambo haya si ya nyumba moja yenye bahati mbaya.

Watu husema sheria ni ya matajiri. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 22, inasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kudai haki za kimsingi, na kwamba mtu au chama kinaweza kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe. Mahakama ikibidi itapokea hata karatasi isiyoandikwa kwa taratibu za kiwakili. Gharama ziko kwingine: nauli ya kwenda na kurudi Migori kila kesi inapoahirishwa, gari la kukodi kwa sababu matatu haimbebi mtu na kiti chake, ripoti ya daktari, mkalimani wa lugha ya ishara kwa kiziwi, na shahidi ambaye siku hiyo hatachimba.

Gharama hizo ni ndogo kuliko bei ya kiti, lakini ni nani atakayesimamisha ohangla ili achangie nauli ya shahidi? Mtu huchangia anachoweza kukiona. Mwaka 2012 daktari wa mifugo Zack Kimotho, aliyepigwa risasi na majambazi mwaka 2004, alianza kujisukuma kwa kiti chake kutoka Nairobi kuelekea Afrika Kusini, ili zipatikane shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo. Wakenya walichanga kwa sababu walimwona barabarani. Kesi haionekani barabarani.

Lugha nayo ina lawama yake. Kiziwi, kipofu, kiwete, kilema: tumewapanga wote katika ngeli moja na kiti na kikapu, ingawa tukisema "kipofu amekuja" tunawarudishia utu kwa nusu. Wazee waliosema hujafa hujaumbika walikuwa na adabu zaidi, maana hawakumtenga mtu yeyote.

Julai 2024 Rais Ruto alitangaza kuwakataza maofisa wa serikali kushiriki harambee. Kama katazo hilo litashikwa barabara, kapu la Macalder litawategemea zaidi wachimbaji wenyewe na jamaa zao. Basi chama cha wachimbaji kikiwa na hazina, kiweke fungu la sheria kando ya fungu la hospitali. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawaruhusu wachimbaji wadogo kujiunga katika vyama. Chama kikiwa na daftari, lina majina ya walioingia shimoni siku ile, jina la mwenye shimo na kiasi alicholipwa kila mtu. Daftari hilo ni ushahidi ambao wakili yeyote angeutamani.

Na liandikwe mapema. Madai ya fidia ya kazini sharti yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Harambee ya hospitali, ya kiti na ya karo ya watoto zikimalizika, mara nyingi mwaka nao huwa umekwisha.