Tishu za Mwili, na Safari ya Kijidudu cha Malaria

Neno "tishu" huwasumbua wanafunzi wengi, na mimi naona sababu yake ni kwamba hulikariri kitabuni bila kuiona tishu yenyewe kwa macho. Akaaye Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, hana udhuru huo. Na aende sokoni Kashikishi asubuhi, mitumbwi ifikapo, amtazame mama anayepasua samaki. Ute ule utelezao mkononi umetolewa na chembe za ngozi ya juu zilizobanana kama vigae; hiyo ni tishu ya kufunika. Mnofu ni tishu ya misuli, ambayo kazi yake ni kujikunja na kulegea. Kati ya mapande ya mnofu mna vitando vyeupe vyembamba vinavyoyashika pamoja, navyo ni tishu ya kuunganisha. Kwa kuwa vitando hivyo huyeyuka motoni, samaki aliyepikwa huachana vipande vipande. Ndani ya uti wa mgongo mna kamba nyeupe laini: hiyo ni tishu ya neva, ipelekayo habari mwilini. Mwili wa mwanadamu nao umejengwa kwa aina hizo hizo nne.

Tishu, basi, ni kundi la chembe hai zifananazo, zishirikianazo katika kazi moja. Mfaransa Xavier Bichat, katika mwaka 1801, alihesabu tishu 21 bila ya kutumia darubini. Alipasua, alichemsha na kukausha, kisha akatazama kila kitu kilivyobadilika. Alikufa mwaka uliofuata, naye ana miaka 30 tu.

Mfupa, gegedu, kano na mafuta vyote huhesabiwa katika tishu ya kuunganisha. Hapo hakuna ubishi. Lakini nikisema kwamba damu nayo ni tishu ya jamii hiyo, wengi hucheka. Watawezaje kuamini, na damu yamwagika kama maji? Hata hivyo damu ina chembe zake, ila zinaelea katika majimaji badala ya kushikana. Katika tone dogo la ujazo wa milimita moja mna chembe nyekundu karibu milioni 5. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, huchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuieneza mwilini, nazo huishi kadiri ya siku 120.

Kwetu Nchelenge jambo hili si la mtihani tu. Wilaya hii ni mojawapo ya zile za Zambia zenye malaria nyingi mno, tena mwaka mzima. Mbu aitwaye Anopheles funestus huzaliana penye maji yenye majani, nayo hayapungui huku, kisha huingia nyumbani usiku. Aumapo mtu, kijidudu hupita katika ngozi na kufika inini kwa muda mfupi. Humo hujificha katika chembe za ini kama juma moja, na mgonjwa hajui lolote. Halafu vijidudu maelfu hutoka na kuingia katika chembe nyekundu. Kila muda wa saa 48 chembe zilizoingiliwa hupasuka pamoja, na hapo ndipo homa hupanda.

Ubaya haukomi katika damu. Chembe zenye ugonjwa hunata katika tishu ifunikayo mishipa midogo kwa ndani, zikaziba njia. Zikiziba katika ubongo, mtoto hushikwa na degedege au kuzimia. Damu ikipungua sana, viganja vyake huwa vyeupe na moyo, ambao ni msuli usiopumzika hata siku moja, hulazimika kupiga mbio. Mtoto wa namna hiyo huenda akahitaji kuongezwa damu ya mtu mwingine siku ile ile.

Wanafunzi wenzangu, sisi tuliozoea kuumwa na mbu tangu utotoni twaweza kuwa na vijidudu bila ya homa. Mimi nimetazama kwa darubini damu ya vijana waliotoka kucheza mpira, nikaviona. Mbu humwuma kijana kama huyo, na baada ya siku kumi au zaidi humwuma mdogo wake wa miaka miwili. Kwa hiyo chandarua cha mwanafunzi mwenye nguvu humkinga mtoto alalaye chumba cha pili.

Huulizwa kama tishu zilizoharibika hupona. Dawa ikiwahi, uboho hutengeneza chembe nyekundu mpya, na baada ya majuma kadhaa damu hurudi. Ini nalo hujijenga upya. Tishu ya neva haina bahati hiyo. Watoto wengine waliopona malaria ya ubongo hubaki na kifafa, au udhaifu wa mkono na mguu, au ugumu wa kusema, na wengine huja shuleni wakikaa madawati ya mbele, hawawezi kushika somo walilolisikia jana.