Mafuta ya Makonyo na Chombo Chake

Mkulima wa mikarafuu, yakupasa ujue kwamba mafuta yakenekwayo katika makonyo si kama mafuta ya nazi. Zaidi ya sehemu 80 katika 100 ni eujenoli, nayo ni namna ya fenoli. Fenoli ni jamaa ya alkoholi iliyomo katika spiriti, ila ina uasidi: ni dhaifu kuliko siki, lakini yaishinda alkoholi mara laki kadhaa.

Kwa sababu hiyo soda kali ya kutengenezea sabuni huikamata eujenoli, ikageuka chumvi na kuyeyuka majini. Spiriti haifanyi hivyo. Mnunuzi hupima kwa njia hiyo hiyo: hutikisa mafuta pamoja na maji ya soda, kisha hutazama yanayoelea. Yakiwa mengi mno, atashuku kuwa umechanganya mafuta mengine, wala hutapata bei. Basi chombo kilichooshwa kwa soda kisuuzwe sana, kikaushwe.

Kutu nayo huyatia mafuta weusi. Usitumie debe la chuma; chupa ya kioo cheusi yafaa zaidi, ijazwe hata shingoni na kuzibwa.